Maziwa Pekee Hayamwandai Ndama kwa Nyasi

Wafugaji wengi wamewahi kumwona ndama aliyenenepa na kung'aa akikonda ghafla wiki mbili baada ya kuachishwa maziwa. Lawama huangukia minyoo. Mara nyingi, shida ni tumbo ambalo halikuandaliwa.

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Ndama anapozaliwa, chumba cha kwanza, yaani rumeni, ni kidogo na bado hakifanyi kazi. Akinyonya, mfereji ulio ndani hujikunja na kupitisha maziwa moja kwa moja hadi chumba cha nne, ambako huganda na protini yake kusagwa. Katika majuma matatu ya kwanza hakuna protini inayomfaa kuliko hiyo. Maziwa ya unga yenye soya nyingi humfanya aharishe.

Chakula kigumu hupita njia nyingine. Huingia kwenye rumeni, vijidudu hukichachusha, na asidi zinazotokea ndizo hukuza vijinyama kama vidole vinavyofyonza lishe. Baadaye vijidudu wenyewe huteremka, husagwa na kuwa protini ya ng'ombe. Maziwa hayaikuzi rumeni, hata ndama akipewa ndoo nzima. Nyasi peke yake nayo humpa kitambi bila nguvu.

Kwa hivyo, baada ya dang'a, ambayo ndama anafaa kuipata ndani ya saa 6 za kwanza, mfugaji aanze kumwekea kiganja kimoja cha chakula cha ndama chenye protini ya takriban asilimia 18 kuanzia wiki ya kwanza. Kilicholala kiondolewe. Maji safi yawepo kila siku, na hili ndilo husahaulika zaidi kwa kudhaniwa kuwa maziwa yanatosha. Maziwa huikwepa rumeni. Maji ya kunywa huingia humo, na bila maji vijidudu haviongezeki.

Umri pekee usiamue siku ya kumwachisha. Ndama wa Friesian akila takriban kilo 1 ya chakula hicho kwa siku, siku 3 mfululizo, maziwa yanaweza kupunguzwa polepole kwa wiki moja. Anayeharakisha ili auze lita chache zaidi huzilipia baadaye, mtamba anapochelewa kupandishwa.

Chakula cha ng'ombe wakubwa chenye yuria kisimfikie ndama kabisa, kwani rumeni changa haiwezi kuigeuza na sumu yake huua. Ndama akiharisha baada ya kubadilishiwa chakula, mfugaji amwone afisa wa mifugo wa wadi kabla ya kununua dawa.