Dondoo muhimu: Mpira ulikwenda wapi?

Kuandika tu kwamba mpigaji alifika beisi ya kwanza hakumsaidii sana kocha wa besiboli au softiboli. Andika na mpira ulikokwenda. Tumia namba za nafasi, si za jezi: 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3, 4 na 5 walinzi wa beisi, kisha 7, 8 na 9 walio nje, kushoto kwenda kulia. Namba 6 ndiyo huwachanganya wageni. Husimama kati ya beisi ya pili na ya tatu.

Mpira uliopenya kati ya 5 na 6 ni 56. Ulioangukia mbali kati ya 7 na 8 ni 78D, ile D ikimaanisha mbali. Weka alama pale ulipoangukia au ulipodakwa, si ulikoishia kubingirika.

Halafu fuata uwanja, usimfuate mlinzi. Namba 6 akihamia kulia na kudaka kwenye eneo la 4, mahali ni 4. (Ligi kuu ya Marekani ilibana uhamaji huo mwaka 2023, kwingine bado utauona.)

Na tumia penseli. Kalamu utaijutia kabla ya ingizo la tatu.