Kimeng'enya cha Chupa Hakitibu Tay-Sachs
Tahadhari kwa wazazi na walezi

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Wazazi wanatufikia na chupa za unga na vidonge vya "vimeng'enya" walivyouziwa kwa bei ya kuuza shamba, wakiahidiwa kwamba vitayeyusha mafuta yaliyojaa kwenye ubongo wa mtoto. Tunasema mapema na tutarudia: havitayeyusha. Usinunue.

Ugonjwa wenyewe

Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya, hucheka. Anapofikisha miezi mitatu hadi sita huanza kushtuka kupita kiasi, hata kwa mlango uliofungwa kwa kishindo kidogo. Kisha anapoteza aliyokwisha kuyaweza: aliyekuwa akijigeuza hajigeuzi tena, na shingo iliyokuwa imekaza inalegea. Baadaye haoni, degedege inamwandama, na kumeza kunamshinda. Daktari akichungulia ndani ya jicho huona doa jekundu, ambalo Warren Tay, daktari wa macho wa Uingereza, alilieleza mwaka 1881. Miaka 6 baadaye Bernard Sachs wa New York alieleza yanayotokea ubongoni, ndipo ugonjwa ukabeba majina yao yote mawili.

Hakuna aliyemroga mtoto huyu. Wala mama hakula kitu kibaya.

Katika seli za ubongo kuna mafuta yaliyoungana na sukari, yaitwayo gangliosidi ya GM2. Hubomolewa na kimeng'enya kiitwacho heksosaminidasi A, ndani ya vifuko vidogo vya seli viitwavyo lisosomu. Mtoto mwenye Tay-Sachs hana kimeng'enya hicho, au anacho kidogo mno. Mafuta yanarundikana, vifuko vinavimba, seli za neva zinakufa. Wengi wa watoto hawa hawafiki umri wa miaka 5. Tunaliandika hili waziwazi kwa sababu wauzaji wa chupa hawaliandiki.

Kwa nini chupa haifai

Kimeng'enya ni protini. Ukikimeza, tumbo linakisaga kama nyama ya mchana. Hata kikichomwa kwa sindano, kati ya damu na ubongo kuna kizuizi ambacho molekuli kubwa namna hiyo haivuki.

Wauzaji wanajua kujibu. Watakwambia kuna ugonjwa wa Gaucher, ambao nao ni wa mafuta kurundikana kwenye seli, na kwamba wagonjwa wake wanapewa kimeng'enya wakapata nafuu. Ni kweli, na ndipo wanapokunasa. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1991, hutolewa kwa mshipa hospitalini, na husaidia wengu, ini na mifupa. Uharibifu wa ubongo haiuponyi. Tay-Sachs ni ugonjwa wa ubongo. Usinunue.

Kipimo ndicho kinga

Ugonjwa huu hurithiwa: mzazi anaweza kubeba jeni yenye hitilafu bila kuumwa hata siku moja. Wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa. Kila mimba, si mtoto wa nne tu, kama wengine wanavyohesabu. Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki wameathirika zaidi: kati ya watu wao 30 hivi, mmoja huibeba. Lakini kabila lolote laweza kuwa nayo, na walio ndugu wa damu wakioana hatari inaongezeka.

Upimaji wa hiari ulianza katika jamii za Kiyahudi za Marekani mwaka 1971, na katika jamii hizo watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Si chupa iliyofanya hivyo. Sisi tumelihubiri jambo hili pale ambapo wengi walinyamaza, na hatuoni haya kujisifu.

Jambo moja wahudumu wenyewe hulisahau: mama mjamzito, au anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango, asipimwe kimeng'enya kwenye majimaji ya damu, kwa kuwa jibu linaweza kumwonyesha kuwa mbebaji ilhali siye. Apimwe kwenye chembe nyeupe za damu, au apimwe jeni. Mwambie mhudumu kabla hajakutoa damu. Masharti ya nani anapimwa, nani analipa na nani anasamehewa yamo kwenye fomu ya kipimo, yasome.

Mtoto ambaye tayari anaumwa asiminyiwe uji kwa nguvu huku amelazwa chali. Uji huingia mapafuni na kuleta nimonia, ambayo ndiyo huwaua wengi wao. Alishwe ameinuliwa, polepole, na akipaliwa mara kwa mara apelekwe hospitali, kwani huenda akahitaji kulishwa kwa mrija. Dawa za degedege alizoandikiwa zisikatishwe kupisha chupa ya mtu yeyote.

Aliyekwisha kununua asiitupe chupa. Atuletee pamoja na risiti na namba ya simu ya muuzaji, na kama mtoto amekwisha kuinywa, daktari aambiwe leo.