Nyumba ya Pwani: Upate Faragha, Usikose Upepo

Nyumba nyingi mpya za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zinafanana: uzio mrefu, madirisha mapana ya vioo, na mapazia mazito yasiyofunguliwa kwa kuogopa macho ya jirani. Ndani kunakuwa joto, kinanunuliwa kiyoyozi, na bili ya umeme inapanda kila mwezi. Kosa linaanzia kwenye ramani iliyochorwa bila kuuliza jua linapita wapi, upepo unatoka wapi na jirani anaona nini. Maswali hayo matatu yajibiwe kabla ya kuchimba msingi.

Jua

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini, ila nyakati zote huwa juu sana na upenu wa paa unatosha kulikinga. Juni saa sita mchana, upenu wa mita 1 upande wa kaskazini hutia kivuli kama mita 1.7 za ukuta. Jua la asubuhi na la alasiri ndilo gumu, kwa kuwa hupenya chini ya upenu.

Kwa hiyo laza nyumba kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Upande wa magharibi weka stoo, bafu au ngazi. Chumba cha kulala kisikae huko, maana ukuta uliopigwa na jua la alasiri huendelea kutoa joto hadi usiku. Chagua bati la rangi nyepesi, na acha matundu kwenye upenu ili hewa ya moto iliyo juu ya dari itoke.

Upepo

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takribani Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Kila chumba kiwe na mahali pa hewa kuingilia na pa kutokea. Chumba chenye ukuta mmoja tu wa nje kiwekewe matundu juu ya mlango wa ndani. Kumbuka pia kwamba dirisha la kuslaidi hufunguka nusu tu, lakini la luva hufunguka karibu lote.

Uzio mzima ulioziba hukata upepo wa chini. Sehemu inayopokea upepo ijengwe kwa matofali ya matundu.

Faragha

Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zilipangwa kuzunguka ua wa ndani unaoitwa kiwanda. Mgeni hupokewa kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na njia ya kuingilia hupinda ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Mwanga na hewa huingia vyumbani kupitia uani.

Mpango huo unafaa hata kwenye kiwanja kidogo cha leo. Ua wa mita 3 kwa 4 unatosha kubeba madirisha yako makubwa. Sakafu yake iwe na mteremko na bomba pana la kutolea maji ya masika. Upande wa jirani weka madirisha mafupi yaliyo juu ya usawa wa macho, yaani yaanzie kama mita 1.8 kutoka sakafuni.

Matofali ya matundu nayo yanaficha vizuri mchana, kwa sababu nje kuna mwanga kuliko ndani. Usiku taa zikiwashwa mambo hugeuka, na aliye nje huona kila kitu. Kama yako mbele ya chumba cha kulala, ongeza milango ya mbao ya luva unayoweza kuifunga jioni bila kuzuia hewa.

Kabla ya kukubali ramani

Nenda kiwanjani saa kumi alasiri uone jua linapiga wapi. Simika mti, ufunge kipande cha khanga, uangalie upepo unakipeleka upande gani. Simama mahali litakapokuwa dirisha la chumbani, utazame nyumba ya jirani. Kisha mwombe msanifu akuonyeshe kwenye mchoro jinsi alivyoshughulikia kila jambo. Akishindwa, usiipeleke ramani hiyo halmashauri kuombea kibali. Mrudishie aichore upya.