Wi-Fi Inayosuasua: Kutafuta Kosa Kabla ya Kuongeza Kifurushi

Mada: Mawimbi ya redio na matumizi yake nyumbani

Mtahiniwa akiulizwa kwa nini Wi-Fi ya nyumbani ni ya polepole, mara nyingi huandika "mtandao ni dhaifu". Hilo si jibu, kwa sababu halisemi kosa liko wapi. Nyumbani jibu hilohilo hugharimu fedha: mzazi huongeza kifurushi, hulipa zaidi kila mwezi, na video ya somo inaendelea kukatikakatika chumbani kama zamani.

Sehemu mbili za safari

Data hufika kwenye simu yako kwa hatua mbili. Kwanza hutoka nje hadi kwenye ruta, kwa waya wa faiba au kwa mnara wa simu. Kisha hutoka kwenye ruta hadi kwenye simu kwa mawimbi ya redio. Wi-Fi ni hatua ya pili tu. Ile alama ya mistari kwenye kioo cha simu inaonyesha nguvu ya wimbi linalotoka kwenye ruta; haisemi lolote kuhusu hatua ya kwanza. Ndiyo maana unaweza kuwa na mistari yote na bado ukurasa usifunguke.

Ili kujua hatua yenye kosa, pima kasi mara tatu: kompyuta ikiwa imeunganishwa na ruta kwa waya, kisha kwa Wi-Fi ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta, kisha kwa Wi-Fi katika chumba chenye tatizo. Hili ni jaribio kama la maabara, kwa hiyo badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wengine nyumbani wasimamishe upakuaji wakati unapima, la sivyo hutajua unapima nini. Kama hakuna kompyuta yenye tundu la waya, vipimo viwili vya mwisho bado vina maana.

Kasi ikiwa ndogo hata kwa waya, kosa liko nje ya Wi-Fi, na hapo ndipo kuna sababu ya kuwapigia simu wanaokuuzia intaneti. Ikiwa nzuri karibu na ruta lakini mbaya chumbani, shuku umbali na kuta. Ikiwa nzuri kwa waya lakini mbaya hata karibu na ruta, shuku mwingiliano wa mawimbi, au kifaa chenyewe kuwa cha zamani.

Mfano. Familia inalipia 40 Mb/s. Kwa waya wanapata 38, karibu na ruta 36, chumbani 3. Mtahiniwa anapakua chumbani faili la MB 150 la mitihani iliyopita. Litachukua muda gani? Je, kifurushi cha 80 Mb/s kitasaidia?

Kumbuka b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti, na baiti moja ina biti 8. Wengi hupoteza alama hapa. Faili ni 150 × 8 = Mb 1200. Muda = 1200 ÷ 3 = sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40. Kwa kasi ya 38 lingechukua sekunde 32 hivi. Kifurushi kikubwa hakitasaidia chumbani, kwa kuwa kikwazo kiko kati ya ruta na chumba, na njia hiyo haipanuki kwa kulipa zaidi.

Kuta na umbali

Ruta nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz na 5 GHz. Kwa kanuni v = fλ, na kasi ya mawimbi hewani ikiwa 3 × 10⁸ m/s, urefu wa wimbi la 2.4 GHz ni sm 12.5, na la 5 GHz ni sm 6. Wimbi la 5 GHz hubeba data kwa kasi kubwa zaidi lakini hudhoofika zaidi linapopita ukutani. Hata mahali pa wazi, umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu ya wimbi hubaki robo. Bati huliakisi wimbi, zege lenye nondo huliakisi na kulifyonza, na tangi la maji hulifyonza. Kwa hiyo ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni, au ndani ya kabati la chuma ili isipate vumbi, imefungwa mdomo. Mimi ningeanza kwa kuihamishia mahali pa juu, katikati ya nyumba. Ni bure.

Mwingiliano

Bendi ya 2.4 GHz imegawanywa katika chaneli. Chaneli ya 1 ina kitovu chake kwenye 2412 MHz, na kila inayofuata iko MHz 5 mbele. Lakini wimbi la Wi-Fi hutanda upana wa MHz 20 hivi. Chaneli ya 1 na ya 3 zimeachana MHz 10 tu, kwa hiyo zinapandana. Ya 1 na ya 6 zimeachana MHz 25, hazipandani. Ndiyo sababu mafundi hutumia 1, 6 na 11.

Sasa sehemu inayowachanganya wengi. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupeana zamu, kama wajumbe wa kikao wanaonyoosha mkono. Kasi hugawanyika, lakini ujumbe unafika. Ruta iliyo kwenye chaneli ya 3 haielewi maneno ya ile ya 1. Kwake ni kelele tu, kama kuzungumza huku redio ya jirani ikinguruma. Data huharibika njiani na kutumwa upya mara kwa mara. Katika ghorofa lenye ruta kila mlango, "kujificha" katikati ya chaneli za majirani kwa kawaida ni kubaya kuliko kushiriki moja nao.

Tanuri la maikrowevu nalo hufanya kazi karibu na 2.45 GHz. Linazalisha mamia ya wati, wakati ruta hutoa takriban wati 0.1, hivyo hata kiasi kidogo kinachovuja, kisichomdhuru mtu, huweza kuivuruga Wi-Fi ya 2.4 GHz. Dalili yake ni rahisi: kasi hushuka chakula kikipashwa na kurudi tanuri likizimwa. Kuhamia 5 GHz huondoa tatizo hilo.

Maswali ya kujipima

1. Ruta ya nyumbani kwenu iko chaneli ya 4. Majirani wako 1 na 6. (a) Kokotoa masafa ya kitovu cha kila chaneli. (b) Onyesha kwamba ya 4 inapandana na zote mbili. (c) Pendekeza chaneli bora na utoe sababu kwa tarakimu.

2. Vipimo vya nyumba moja ni 4 Mb/s kwa waya, 4 karibu na ruta na 4 chumbani. Wanalipia 20. Fundi anashauri wanunue kifaa cha kusambaza Wi-Fi hadi chumbani. Je, ushauri huo ni sahihi? Eleza.