Asidi ya Tumboni: Kiungulia, Vidonda na Matunzo Yake Nyumbani

1. Maana ya "asidi nyingi"

Katika kaya nyingi za Afrika Mashariki, maumivu yoyote yanayowaka kifuani au kwenye chembe cha moyo hupewa jina moja, ama "asidi" ama "vidonda vya tumbo", na jina hilo likishatajwa hufuatwa na kidonge cha kutafuna kutoka dukani au na magadi yaliyokorogwa katika maji. Asidi, ambayo huitwa pia tindikali, si ugonjwa, kwa kuwa kila mtu mwenye afya huizalisha kila siku, na kwa wagonjwa walio wengi kinachouma si wingi wake bali ni mahali ilipofika, au udhaifu wa ukuta uliopaswa kuihimili. Kaya inayoielewa tofauti hiyo hutambua ni lini kubadili mazoea ya kula na kulala kunatosha, ni lini dawa ya dukani inafaa, na ni lini mgonjwa hana budi kufikishwa kituo cha afya.

2. Kazi ya asidi katika mwili

Tumbo la mtu mzima hutoa takriban lita 2 za majimaji ya kumeng'enyea chakula kwa siku, na ndani yake mna asidi ya haidrokloriki, ambayo William Prout, tabibu wa Uingereza, aliitambua katika matumbo ya wanyama na kuchapisha matokeo yake mwaka 1824. Asidi hiyo huamsha pepsini, yaani kimeng'enya kinachovunja protini za nyama, samaki na kunde. Huua vijidudu vingi vinavyoingia pamoja na chakula na maji. Na huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma.

Kinachoizuia asidi isilile tumbo lenyewe ni tabaka la ute mzito unaofunika ukuta wa ndani, pamoja na chumvi ya bikaboneti inayotolewa chini ya ute huo ili kuipooza asidi kabla haijaifikia nyama. Uzalishaji wenyewe huongozwa na neva zitokazo kwenye ubongo, na homoni iitwayo gastrini, na kemikali iitwayo histamini, ndiyo maana harufu ya kitunguu kinachokaangwa jikoni hutosha kuanza kuitoa asidi kabla tonge la kwanza halijafika kinywani.

3. Asidi inapopanda: kiungulia

Umio, yaani mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, hauna kinga ya ute kama ile ya tumbo, bali hulindwa na msuli wa mviringo ulio mwisho wake, ambao hufunguka chakula kinapopita na kujifunga tena. Msuli huo ukilegea, au tumbo likibanwa kutoka nje, asidi hupanda na kuunguza umio, na mtu huhisi moto nyuma ya mfupa wa kifua, au maji machungu na makali yanayofika kinywani. Hali hiyo ndiyo kiungulia, na inaweza kumsumbua hata mtu ambaye asidi yake ni ya kiasi cha kawaida kabisa.

Mambo yanayolegeza msuli huo au kulibana tumbo ni pamoja na mlo mkubwa wa usiku, vyakula vyenye mafuta mengi kama chipsi, sambusa na chapati, uvutaji wa sigara, unywaji wa pombe, unene wa kiunoni, na mavazi au kanga iliyofungwa kwa kubana juu ya tumbo lililojaa. Kwa mama mjamzito, homoni za ujauzito huulegeza msuli na mji wa mimba unaokua hulisukuma tumbo juu, hivyo kiungulia chake mara nyingi hupungua baada ya kujifungua.

Anayesumbuliwa na kiungulia anashauriwa kula milo midogo, kuacha muda wa saa 3 kati ya chakula cha usiku na kulala, na kulalia ubavu wa kushoto, kwa kuwa katika mkao huo tumbo hukaa chini ya mlango wa umio. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali au vipande vya mbao imara chini ya miguu yake ya upande huo, kwani kurundika mito hukunja kiuno na kulibana tumbo zaidi. Kuhusu vyakula, kahawa, ndimu, nyanya, pilipili na soda humsumbua mmoja na kumwacha mwingine, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkataza mtu vyote kwa pamoja. Kila mgonjwa aache kile alichothibitisha kwamba kinamwasha.

Wakati wa mfungo wa Ramadhani, kiungulia huwapata wengi baada ya kufuturu kuliko mchana, kwa sababu futari kubwa ya vyakula vya kukaanga huliwa kwa haraka na kufuatwa na usingizi. Kufungua kwa tende na uji, kisha kula chakula kizito baadaye na kwa kiasi, hupunguza adha hiyo, lakini mwenye kidonda kinachotibiwa anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kufunga.

4. Ukuta unapoliwa: vidonda vya tumbo

Kidonda cha tumbo ni jeraha halisi katika ukuta wa tumbo au wa duodeni, yaani sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Kwa miaka mingi kilidhaniwa kuletwa na mawazo na pilipili, hadi Robin Warren na Barry Marshall, wakifanya kazi katika mji wa Perth nchini Australia, walipokihusisha na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye walifanikiwa kumwotesha maabara mwaka 1982. Mwaka 1984 Marshall alikunywa kimiminika chenye bakteria hao na baada ya siku chache akapata uvimbe wa ukuta wa tumbo, na mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba.

Bakteria huyu huambukizwa zaidi utotoni, kwa mate, matapishi au kinyesi kinachofika kinywani, hivyo kunawa mikono kwa sabuni, kutumia choo safi na kunywa maji salama ni sehemu ya kinga. Wengi walio naye hawaugui kamwe, lakini kwa baadhi yao huudhoofisha ute na kuvuruga udhibiti wa gastrini, na hapo asidi inaweza kweli kuzidi.

Chanzo cha pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo huzuia kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo ndizo zinazoliwezesha tumbo kutengeneza ute wake, na ndiyo maana mtu anayemeza dawa hizo kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti anaweza kupata kidonda bila kuona uhusiano wowote.

Maumivu ya kidonda cha duodeni mara nyingi huja mtu anapokuwa na njaa au usiku wa manane, kisha hutulia akila, jambo lililozaa imani kwamba njaa ndiyo inayotoboa tumbo. Kwa kweli njaa hudhihirisha kidonda ambacho tayari kipo. Uhakika hupatikana kwa kipimo cha choo au cha pumzi kinachomtafuta bakteria, au kwa endoskopi, yaani mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa kinywani. Kipimo cha damu hakiwezi kutofautisha maambukizi ya sasa na yale yaliyokwisha. Tiba huunganisha dawa ya kupunguza asidi na angalau antibaiotiki mbili kwa siku 10 hadi 14, na mgonjwa anayeiacha njiani kwa kuwa maumivu yametulia huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu.

5. Dawa na namna ya kuzitumia

Vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu au aluminiamu huipooza asidi iliyokwisha kutoka, hutuliza kwa muda mfupi, na havitibu kidonda. Ya kwanza huweza kuharisha na ya pili kufunga choo, na zote mbili huzuia ufyonzwaji wa baadhi ya antibaiotiki na vidonge vya madini ya chuma, hivyo vidonge hivyo vimezwe kwa kupishana na dawa hizo kwa saa kadhaa.

Omeprazoli na dawa za jamii yake hufunga vipampu vidogo vinavyoitoa asidi, na kwa kuwa vipampu hivyo huamshwa na chakula, dawa humezwa takriban nusu saa kabla ya mlo wa asubuhi, si baada ya maumivu kuanza. Anayeitumia kwa miezi mingi na kuiacha ghafla anaweza kupata asidi nyingi kuliko ya mwanzo kwa siku au wiki kadhaa, kwa hiyo matumizi marefu yasimamiwe na mtoa huduma za afya.

Magadi huipooza asidi kwa kutoa gesi inayolijaza tumbo, na sodiamu iliyomo ndani yake ni hatari kwa mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo. Maziwa nayo hutuliza kwa dakika chache, kisha protini na kalsiamu zake huliamsha tumbo litoe asidi upya.

6. Dalili zisizosubiri

Mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa iwapo:

- anatapika damu, au matapishi yanafanana na machicha ya kahawa;
- anapata choo cheusi chenye kunata kama lami, jambo linaloashiria damu iliyomeng'enywa;
- anapata maumivu makali ya ghafla na tumbo linakuwa gumu, kwani kidonda kinaweza kuwa kimetoboka;
- maumivu ya kifua yanasambaa mkononi au tayani pamoja na jasho na kukosa pumzi, kwa kuwa hayo yanaweza kuwa ya moyo.

Anayekonda bila sababu, anayepungukiwa damu, au ambaye chakula kinamkwama anapomeza, naye anahitaji uchunguzi wa mapema. Dalili hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee katika ukanda unaoanzia Ethiopia na Kenya, ukipitia Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio hutokea kwa wingi. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi miongoni mwa vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo, hivyo chai iachwe ipoe kidogo kabla ya kunywewa.

7. Daftari la wiki moja

Kabla ya kwenda kituo cha afya kwa maumivu yasiyo ya dharura, mgonjwa anaweza kuandika kwa siku 7 saa ambayo maumivu yalianza, mahali yalipouma, alichokula, mkao aliokuwa nao, na kila dawa aliyomeza, zikiwemo za maumivu ya mgongo na za mitishamba. Maumivu yanayopanda kifuani baada ya mlo na kulala huelekeza kwenye umio, yanayoamsha usiku na kutulizwa na chakula huelekeza kwenye duodeni, na yaliyoanza wiki chache baada ya dawa ya magoti huelekeza kwenye dawa hiyo. Ukurasa mmoja wa daftari humpa tabibu mwanga ambao neno "asidi" peke yake haliwezi kumpa.