BUNDUKI KWA JEMBE: SOMO KUTOKA NG'AMBO YA RUVUMA

Somo la vikundi vya mtaa. Kwanza someni: Isaya 2:1–5, Mika 4:1–4, Mathayo 26:47–56.



Mtu akisimama Newala ukingoni mwa uwanda wa juu na kutazama kusini, huona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Wamakonde wako pande zote mbili za mto. Wakati wa vita vya ukombozi, 1964 hadi 1974, wakimbizi walivuka na kupokewa kwetu. Mwezi wa Oktoba 2017 mapigano mapya yalianza Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado. Na Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani mwetu Mtwara. Kwa hiyo habari ya bunduki si habari ya mbali. Katika somo hili tujiulize: bunduki zikiisha kuingia nyumbani mwa watu, nani atazitoa, na kwa njia gani?

1. Vita huisha, bunduki hubaki

Baada ya uhuru wa mwaka 1975, Msumbiji iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Serikali ya FRELIMO na RENAMO. Vita hivyo vilidumu tangu 1977 hadi mkataba wa amani uliotiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Umoja wa Mataifa ulisimamia kazi ya kuwapokonya askari silaha, lakini nyingi zilibaki zimefukiwa mashambani, zimefichwa darini na vichakani.

Waliozificha hawakuwa wote watu wabaya. Wengine waliogopa kwamba vita vitarudi. Wengine walikuwa askari walioachishwa kazi bila shamba wala ujuzi, na bunduki ndiyo mali pekee waliyokuwa nayo. Basi bunduki zikaanza kuuzwa na kuazimwa. Zilifika mitaa ya Maputo, zikavuka mpaka mpaka Afrika ya Kusini, na huko katika miji kama Johannesburg zikatumika katika unyang'anyi na mauaji. Bunduki iliyofukiwa kijijini ilimwua mtu mjini, katika nchi nyingine.

2. Kazi ya kugeuza silaha

Dinis Sengulane alikuwa Askofu wa Kianglikana wa Lebombo, kusini mwa Msumbiji, tangu 1976 hadi 2014. Mwaka 1989 alikuwa miongoni mwa viongozi wa makanisa waliokwenda Nairobi kuzungumza na wakuu wa RENAMO ili kuitafuta amani. Mwaka 1995, chini ya uongozi wake, Baraza la Kikristo la Msumbiji lilianzisha kazi iliyoitwa Transformação de Armas em Enxadas, maana yake Kugeuza Silaha kuwa Majembe. Jina hilo lilitoka katika maono ya Isaya na Mika.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kueleweka. Aletaye silaha hupewa chombo cha kazi: jembe, baiskeli, cherehani, au vifaa vya kujengea. Kijiji kimoja kilichokusanya silaha nyingi kilipewa trekta. Askofu alikuwa akiwaambia watu kwamba kulala na bunduki chumbani ni sawa na kulala na nyoka: siku moja atamgeukia mwenye nyumba.

Wako waliouliza, Je, si kumtuza mtu aliyeua? Lakini tazameni. Aliyeitegemea bunduki kwa chakula chake hakuambiwa tu aache. Alionyeshwa kitu kingine cha kushika mkononi. Cherehani humlisha mtu mwaka hata mwaka, na hakuna jirani anayekiogopa.

3. Kwa nini ilihitaji mikono mingi

Hakuna aliyeweza kazi hii peke yake. Watu wengi walilihofia jeshi na polisi, ila Kanisa waliliamini; kwa hiyo walikuja kwa Kanisa. Lakini Kanisa lisingeweza kuahidi usalama kama Serikali isingekubali kwamba aletaye kwa hiari hatashtakiwa. Wala padre hajui kutegua bomu, wataalamu walihitajika. Majirani ndio waliojua silaha zilifichwa wapi. Wafadhili wa nje walitoa vyombo. Na silaha zilizopokewa ziliharibiwa, ili zisirudi sokoni kwa mlango wa nyuma. Tangu mwaka huo huo 1995, polisi wa Msumbiji na wa Afrika ya Kusini nao walishirikiana kutafuta maghala ya silaha yaliyofichwa na kuyalipua.

Mfano mwingine ni Boston, Marekani. Mwaka 1990 waliuawa watu 152 katika mji huo, wakiwemo vijana wengi waliopigwa risasi na vijana wenzao. Mwaka 1992, baada ya vijana kuingia kanisani kwenye mazishi na kumshambulia kijana mwenzao, wachungaji kadhaa walianza kutembea mitaani usiku na kuzungumza na makundi ya vijana. Baadaye walishirikiana na polisi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Vijana waliambiwa mambo mawili kwa pamoja: tunataka muishi, na tutawasaidia, lakini kundi litakaloua litafuatwa lote na sheria. Mwaka 1999 waliouawa walikuwa 31. Wataalamu hubishana juu ya sababu zote za badiliko hilo. Hata hivyo wengi hukubali kwamba ushirikiano huo ulikuwa na sehemu yake.

4. Chuma kilichogeuka sanaa

Vipande vya silaha zilizoharibiwa walipewa wasanii wa Maputo. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, alitengeneza Kiti cha Enzi kwa vipande vya bunduki. Sasa kimo katika British Museum, London. Bunduki zile zilitoka Ureno, Ulaya ya Mashariki na Korea ya Kaskazini. Hata moja haikutengenezwa Afrika. Mwaka 2005 jumba hilo lilionyesha Mti wa Uzima, wenye urefu wa mita 3 na nusu, uliotengenezwa na Kester na wenzake watatu. Sisi tunaowajua wachongaji wa mpingo twaelewa: mkono wa fundi hutoa uhai katika kitu kigumu.

5. Yasiyotimia

Tusijidanganye. Vyombo vya kubadilishana havikutosha nyakati zote. Mapigano kati ya Serikali na RENAMO yalirudi mwaka 2013, na mkataba mwingine ulitiwa sahihi Agosti 2019. Huko Cabo Delgado vijana walishika silaha upya. Kukusanya bunduki hakuondoi njaa, dharau, wala ukosefu wa kazi. Mambo hayo yakiachwa, bunduki nyingine itatafutwa.

6. Na sisi je?

Kwetu yako magobore ya kuwindia yasiyo na kibali, na wageni wapitao usiku mpakani. Sheria yetu ya silaha ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na leseni, na Serikali imewahi kutoa muda wa msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Muda kama huo ukitangazwa, utangazwe pia kanisani na msikitini, maana hofu ndiyo inayowazuia wengi. Mtoto akiona kitu cha chuma asichokijua shambani asikiguse. Amwite mkubwa, na mkubwa atoe habari kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi. Na kijana asiye na kazi asingojwe mpaka aitwe na watu wabaya. Umoja wa Mama, wazee wa kanisa na ndugu zetu Waislamu wanamjua kwa jina; polisi watamjua akiisha kukosa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini watu huficha silaha hata wakati wa amani?
2. Bwana alimwambia aliyechomoa upanga aurudishe mahali pake. Je, alikuwa akimlinda nani?
3. Katika mtaa wetu, ni nani wanaopaswa kukaa pamoja juu ya jambo hili, na nani hajaalikwa bado?
4. Tuna "jembe" gani la kumpa kijana anayeshawishiwa?

Tuombe

Ee Bwana, uwalinde watu wa pande zote mbili za Ruvuma. Uwape walioficha silaha moyo wa kuzitoa, na sisi utupe moyo wa kuwapokea. Amina.