Kabla ya Kumwangusha Mwenzako, Jifunze Kuanguka



Mama mmoja alitujia hivi karibuni akiwa na wasiwasi. Mwanawe mwenye umri wa miaka 12 anataka kujiunga na kikundi cha judo kinachofanya mazoezi karibu na nyumbani kwao. "Nimruhusu?" alituuliza. "Sitaki avunjike shingo, wala sitaki awe mgomvi." Swali hili wanalo wazazi wengi, kwa hiyo mwezi huu tumeona tulijibu hapa.

Judo na karate ni nini?

Judo ilianzishwa Tokyo, Japani, mwaka 1882 na Jigoro Kano, aliyekuwa mwalimu. Kano alikuwa mtu wa umbo dogo, na alianza kufundisha katika hekalu moja, kwenye chumba cha mikeka 12 tu. Neno judo maana yake ni "njia ya upole". Wachezaji hushikana na kuangushana kwa ufundi. Karate ilitoka katika kisiwa cha Okinawa, na hutumia ngumi na mateke. Michezo hii si migeni kwetu. Karate imefundishwa Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, na judo imechezwa Zanzibar tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mazoezi haya yakifundishwa vizuri huimarisha moyo, misuli na mifupa. Humzoesha mtoto kusimama wima, kutii, na kuizuia hasira yake. Lakini faida hizo hutegemea namna alivyoanza.

Somo la kwanza: kuanguka

Watoto wengi huja na picha za sinema vichwani. Wanataka siku ya kwanza waruke na kupiga teke. Mwalimu mwema wa judo hafanyi hivyo. Kwa majuma kadhaa humfundisha mwanafunzi kuanguka tu: kwanza akiwa amekaa, kisha akiwa amechuchumaa, mwishoni akiwa amesimama.

Mambo ya kushika ni haya. Anayeanguka chali hukaza kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini. Mgongo huupinda kama tao. Mkono mzima, tangu kiganja hadi karibu na bega, huupiga kwenye godoro la mazoezi mara tu mgongo unapogusa, ili nguvu ya pigo igawanyike. Kamwe hajikingi kwa kunyoosha mkono, maana hapo ndipo kifundo cha mkono, kiwiko au mtulinga huvunjika.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu hakuwa na subira hiyo. Alijifunza kwa kutazama video, akamwangusha mdogo wake uani kwenye udongo mgumu. Mdogo alinyoosha mkono kujikinga, akavunjika mtulinga. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ila mmoja alijua kuangusha, na mwingine hakujua kuanguka.

Fundisho kutoka Japani

Hata huko judo ilikozaliwa, jambo hili liligharimu maisha. Tangu mwaka 1983, kwa muda wa karibu miaka 30, watoto zaidi ya 100 walikufa kutokana na judo ya shuleni. Wengi waliumia kichwa, na wengi walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, yaani wanaoanza. Wazazi waliofiwa walipaza sauti, na taratibu za usalama zikakazwa.

Tuelewe sababu yake. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, mishipa ya damu iliyo kati ya ubongo na fuvu inaweza kukatika, hata kama kichwa hakikugonga chini. Damu huvuja ndani na kuugandamiza ubongo. Mtoto anaweza kuinuka na kusema "sijambo", kisha akazidiwa baada ya saa chache.

Kwa hiyo, mtoto aliyeumia kichwa aache mazoezi papo hapo, hata kama mwenyewe anataka kuendelea. Asilale peke yake usiku huo. Mkimbizeni hospitali mara moja mkiona dalili mojawapo kati ya hizi:
- kichwa kinauma na maumivu yanazidi;
- anatapika mara kwa mara;
- ana usingizi usio wa kawaida, au haamki vizuri;
- anachanganyikiwa au maneno hayatoki sawasawa;
- mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine;
- mkono au mguu unalegea, au anapata degedege.

Asirudi mazoezini mpaka mganga aseme amepona. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona ni hatari zaidi.

Kabla ya kulipa ada

Mzazi, nenda mwenyewe ukatazame kipindi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Angalia haya:
1. Je, wapya hufundishwa kuanguka kwanza?
2. Je, kuna magodoro ya mazoezi? Mkeka wa kawaida juu ya saruji hautoshi.
3. Je, wadogo hushindanishwa na wadogo wenzao, au hurushwa na wakubwa?
4. Katika judo, anayezidiwa hugonga mara mbili kwa kiganja, na mwenzake humwachia mara moja. Je, desturi hiyo inaheshimiwa?
5. Je, mwalimu hupiga au kudhihaki wanafunzi? Kama ndivyo, mrudishe mtoto nyumbani.

Mwambieni mwalimu kama mtoto ana pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo. Mtu mzima mwenye shinikizo la damu au kisukari, na mama mjamzito, waonane kwanza na mganga. Kucha zikatwe, miguu ioshwe, na nguo zifuliwe baada ya kila zoezi, maana choa huambukizwa kwa kugusana ngozi. Maji ya kunywa yasisahauliwe.

Jibu letu kwa yule mama

Tulimwambia akatazame kwanza. Alikwenda, akakuta watoto wakianguka na kuinuka, wakianguka na kuinuka, saa nzima, bila teke hata moja. Mwanawe alinung'unika kwamba hayo si judo. Mama alimwandikisha siku hiyo hiyo. Mwenda pole hajikwai. Na hata akijikwaa, awe amefundishwa namna ya kuanguka.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Mtoto wetu akigonga kichwa mchezoni, nani atakaa naye usiku, na tutafikaje hospitali?
2. Je, watoto wetu wanajua kwamba kusema "nimeumia" si aibu?
3. Je, tunawajua kwa sura watu wanaowafundisha watoto wetu michezo?